Mgomba Katikati ya Ramani

7 Septemba

Mvua za vuli zimeingia leo mchana, na habari mbaya imeingia nazo. Eliud, jirani yetu wa upande wa juu hapa Kibingo, aliniita nikaone mgomba wake. Majani yalikuwa yamelegea na kugeuka njano, ndizi zimeiva nusunusu kabla ya wakati wake. Akaupasua ule mgomba kwa panga, na kwenye jeraha ukatoka utomvu wa njano, polepole, kama usaha wa jipu. Mtu anayeishi kwa ndizi hahitaji kuambiwa kwamba huo ni mnyauko.

Kati ya kibanja cha Eliud, yaani shamba lake la migomba, na changu kuna mstari wa miti ya miramura ya mpaka tu, na ugonjwa hauulizi mpaka. Ukiachwa, msimu mmoja unatosha kukigeuza kibanja kuwa uwanja. Kibanja hiki kinatulisha mimi, mume wangu Cassian na watoto wetu, na mama mkwe wangu amelala humo humo, kaburi lake liko chini ya migomba aliyoipanda mwenyewe. Nimeamua. Hakitakufa huku natazama. Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima, na kama ukatibu una kazi yoyote zaidi ya kuandika waliohudhuria, kazi yenyewe ni hii.

10 Septemba

Kikao kimeshindikana. Nusu ya wanachama wetu wako Rugera, upande wa Karagwe, na kwa utelezi huu pikipiki hazipandi. Dada yangu Adventina, aliyeolewa huko, amepiga simu kusema kwake migomba imeshaanza kuanguka.

Tukasema basi tukutane kwenye grupu la WhatsApp. Ikaja sala ya asubuhi. Ikaja picha ya mtoto aliyebatizwa. Likaja tangazo la dawa ya nguvu za kiume, sijui nani kalileta na sitaki kujua. Katikati ya hayo yote Eliud akauliza, "Jamani tufanyeje?" Swali lake likazama pale pale. Nimeizima simu kwa hasira.

13 Septemba

Nimekwenda Nkwenda kununua chumvi na jiki ya kuoshea vifaa vya shamba. Dukani kwa mzee Abdulghani nimemkuta binti yake, Ummy, anayeuza simu na vocha. Wengi hapa wanadhani ana maringo, na mimi nilikuwa mmoja wao, kwa sababu anaongea Kiswahili cha pwani kama anasoma taarifa ya habari. Leo nimemwona kwa jicho lingine.

"Shikamoo, mama Koku. Mbona uso umekunjamana hivyo?"

"Marahaba. Nina watu wenye akili nzuri, Ummy, ila akili zao siwezi kuziweka mahali pamoja."

Nikamweleza. Akachukua simu yangu, akanifungulia kitu kinachoitwa ramani ya mawazo. Katikati kuna duara, humo unaandika jambo lenu. Kutoka hapo unachora matawi, na kila tawi linazaa matawi yake. Unawatumia watu linki, na kila mmoja anaongeza lake akiwa kwake, wote kwa wakati mmoja. Ummy akaandika neno kwenye simu yake, nami nikaliona linatokea kwenye yangu.

"Hakuna wa kumkatiza mwenziwe," akasema. "Na hakuna linalozama."

"Na bando?"

"Linakula kidogo kuliko hizo picha za ubatizo."

Nimerudi nyumbani mvua ikininyeshea njia nzima, na sikujali.

16 Septemba

Nimeandika katikati: TUZUIE VIPI MNYAUKO? Linki nimeituma kwa wote.

Jioni nimefungua. Matawi yamejaa! Nikayasoma moja moja. Shikamooni wazee. Habari za huko Rugera. Marahaba, za Kibingo. Bwana asifiwe. Milele amina. Hamjambo wote, mimi ni mama Winston. Mbinu ya kuzuia mnyauko hakuna hata moja. Nimecheka mpaka Cassian akaja kuuliza kuna nini. Lakini ndivyo tulivyo. Huwezi kuingia mahali penye watu ukaanza kudai jiki bila kusalimia.

17 Septemba

Mvua. Nimeondoa salamu, baada ya kuwajibu wote.

19 Septemba

Sasa limezuka jingine. Mwenyekiti wetu ni mzee Rwegoshora, mdogo wake marehemu baba mkwe wangu, kwa hiyo kwangu ni baba. Naye ameingia kwenye ramani, akaandika neno moja: "Tushirikiane." Tangu hapo kila anayeandika anaandika chini yake. Jiki iko chini ya mzee. Kuvunja ua la chini ya mkungu kwa kijiti cha panda badala ya panga kuko chini ya jiki, chini ya mzee. Ramani imekuwa kamba moja ndefu inayoning'inia, na huwezi kujua lipi ni jibu la lipi.

Nimempigia Adventina.

"Dada, hili la kijiti ni wazo lako mwenyewe. Kwa nini usifungue tawi lako?"

"Tawi langu? Sambamba na mwenyekiti? Mdogo wangu, unataka waseme nimeota mapembe?"

"Ni simu tu, dada!"

"Simu, lakini Ta Rwegoshora anaitazama."

Nimekata simu nikiwa nimeudhika, na kibaya zaidi namwelewa. Hata mimi, katibu mzima, nilikuwa nimeandika langu chini yake.

23 Septemba

Nimerudi kwa Ummy. Hakunicheka. Aliuliza, "Kwenu huko, mtu anasema bila kuomba ruhusa ya mkubwa akiwa wapi?"

Nikafikiri. "Kwenye kibanja chake. Ukiwa kwenye kibanja chako hata mfalme anakupigia hodi."

Tukatazamana. Tumefuta kila kitu, tukaanza upya pale pale kaunta. Katikati tumeweka picha ya mgomba. Kila mwanachama tumempa tawi lenye jina la kibanja chake, wote wakiuzunguka mgomba, na cha mzee Rwegoshora kimo miongoni mwao kama vingine. Hakuna aliye juu ya mwenzake, na hakuna aliyeshushwa.

29 Septemba

Imekubali! Watu wanaandika. Mama Winston, ambaye kwenye vikao hutazama vidole vyake vya miguu mwanzo mpaka mwisho, ameeleza kibanja chake mgomba kwa mgomba. Eliud ameandika kwamba kwake ugonjwa ulianza Julai na aliuficha kwa aibu. Kwanza nilitaka kuruka ule mstari wa mpaka nikamkabe. Halafu nikafikiri kwamba kwenye kikao asingelisema hilo mpaka kiama.

6 Oktoba

Bado hatujui ugonjwa unarukaje. Wadudu hubeba, sawa, lakini wadudu gani wanatoka Rugera mpaka kwa Eliud wakiruka vibanja vyote vya katikati? Nimeomba kila mtu achore mstari mwekundu kutoka kibanja chake mpaka kingine, kuonyesha chochote kilichoingia mwaka huu kutoka huko: machipukizi ya mbegu, mbuzi, panga la kuazima.

9 Oktoba

Mistari imechorwa, na natamani isingechorwa.

Adventina: Mei, msiba wa baba mkwe wake. Eliud: Juni, msiba wa mama yake. Mama Winston: alitoa majani kwa msiba wa mama yake Eliud. Mwingine wa Rugera, hivyo hivyo. Kila mmoja anasema migomba ya kwanza kuugua ni ile iliyokatwa majani.

Hapa kwetu msiba haupikwi bila majani ya migomba. Ya kufunikia sufuria, ya kutandika chakula cha mamia ya watu. Kuna mzee mmoja anayepewa heshima ya kuyakata. Anapita kibanja kwa kibanja na panga lake, na hakuna mwenye kibanja anayemkatalia, kwa sababu ni nani amnyime maiti majani? Kwa miaka yote niliyoolewa hapa, kwa Kibingo na kwa ndugu zetu wa Rugera, mzee huyo ni Rwegoshora. Anatoka kwenye kibanja hiki anaingia kile, panga lile lile, utomvu ule ule umegandia kwenye makali.

Hakuna aliyeliandika jina lake. Mistari tu, nayo yote inaelekea mahali pamoja. Tangu jana hakuna aliyeongeza neno.

11 Oktoba

Mistari myekundu imefutwa. Yote.

Nilidhani simu imeharibika. Cassian alikuwa anakula. Akasema bila kuinua macho, "Nimeifuta mimi."

Nikakaa chini. Nikamuuliza kwa nini.

"Baba mdogo ndiye aliyenisomesha alipokufa baba. Hawezi kuchorwa kwenye simu za watu kama mwuaji."

"Hakuna aliyemwita mwuaji, Cassian. Ni panga."

"Panga lina mwenyewe."

"Na kibanja hiki je, hakina mwenyewe? Mama yako aliyelala hapo nje hana haki?"

"Usimtaje mama."

Akaondoka, sahani akaiacha. Nimeolewa na mtu mpole, na leo upole wake umenitia uchungu kuliko kama ningepigwa kofi. Ningeweza kuichora mistari ile upya sasa hivi. Sitaichora. Nitamwambia mzee mwenyewe, ana kwa ana, na nikishamwambia hakutakuwa na cha kufuta.

14 Oktoba

Nimekwenda. Mzee amesafiri Bukoba kutibiwa macho.

20 Oktoba

Mvua, mvua, mvua.

23 Oktoba

Umefika kwangu.

Mgomba mmoja, ule ulio kichwani mwa kaburi la mama. Nilimwita Cassian, akaja, akautazama kwa muda mrefu. Aliikumbuka siku yenyewe: majani yake yalikatwa Juni kwa msiba wa mama yake Eliud, naye ndiye aliyemwelekeza mzee kwamba hapo yako marefu. Hatukugombana. Tukawasha moto, tukapitisha panga motoni, tukakata mgomba ule chini kabisa usawa wa udongo, tukalipitisha panga tena motoni. Cassian alilia waziwazi, nami nikamwacha alie.

Mingine ni mizima. Nimeikagua yote.

2 Novemba

Bibi Nyirabageni amefariki alfajiri. Alikuwa mkongwe kuliko wote kijijini, na watu watatoka kila upande kuja kumzika. Nilijua nini kinafuata. Nikafunga kitenge vizuri, nikasimama kwenye njia ya kuingilia kibanjani.

Mzee Rwegoshora alikuja na vijana wawili, panga mkononi, amesharudi kutoka Bukoba. Tayari walikuwa wametoka kukata kwa watu wengine.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Tumekuja kuchukua majani ya bibi."

"Majani yapo, baba, na nitayakata mimi kwa panga la humu ndani, niwaletee hapa njiani. Kwenye kibanja leo haliingii panga la nje."

Vijana wakatazama chini. Mzee hakuelewa kwanza, akatabasamu.

"Panga la nje? Mimi ni wa nje?"

"Wewe ni baba yangu. Panga lako limepita kwenye migomba ya watu, na mingine ni migonjwa. Ugonjwa uko kwenye utomvu. Kwa Adventina ulifika hivyo, kwa Eliud hivyo, na kwangu hivyo."

"Avelina. Kibanja hiki kilikuwa cha kaka yangu."

"Ndiyo, baba. Ndiyo maana."

Miguu yangu haikusogea. Akanitazama namna ambayo hajawahi kunitazama tangu nilipoletwa hapa bi harusi. Akasema, "Sijawahi kufungiwa mlango wa msiba," akageuka akaondoka. Vijana wakamfuata bila kuniangalia.

Nimekata majani mengi kuliko ambayo yangehitajika, mazuri, mapana. Nimeyafunga mzigo, nikayapeleka kichwani mpaka nyumba ya msiba.

3 Novemba

Tumemzika bibi. Mzigo wangu wa majani ulibaki pale nilipoutua, kando ya jiko, mvua ikiunyeshea. Chakula kilifunikwa kwa majani ya wengine. Nilipokwenda kusaidia kumenya ndizi, wanawake walisogea, lakini si kwa kunipa nafasi.

Sijutii. Naandika hivyo ili nikisoma kesho niamini.

9 Novemba

Chama cha kufa na kuzikana kimekaa. Nimetakiwa kuomba radhi mbele ya watu kwa kunyima majani. Nimejibu kwamba majani nilitoa, waliyaona wote, na nilichonyima ni utomvu. Mzee Rwegoshora alikuwepo. Hakunitetea, wala hakunishtaki. Uamuzi umeahirishwa.

Ramani imelala. Hakuna anayeandika. Ni Ummy tu aliyenitumia ujumbe: "Usiifute, mama Koku. Iache ikae."

12 Novemba

Adventina amepoteza nusu ya kibanja. Amenipigia kuniambia, na hakulia, akasema tu, "Wewe komaa hapo hapo." Dada huyo huyo aliyeogopa kufungua tawi!

15 Novemba

Leo Cassian ametoka tangu asubuhi bila kuaga. Amerudi mchana, amelowa, akakaa jikoni.

"Nilikuwa kwa baba mdogo."

Nikaendelea kuosha vyombo kwa sababu sikujua nifanye nini na mikono.

"Majani yako yale," akasema. "Nilipita pale nikayaona yamekanyagwa. Nikajiuliza, mke wangu amebeba mzigo ule peke yake, na mimi nilikuwa wapi?" Akavua shati lililolowa. "Nimerudisha mistari yote. Halafu nikakaa naye, nikamsomea ramani nzima, kwa sababu maandishi ni madogo kwa macho yake. Kibanja kwa kibanja."

"Akasemaje?"

"Aliniuliza tu mstari unachorwaje."

Nikaacha vyombo. Nimeishi na mtu huyu miaka yote, nikidhani upole wake ni woga. Amefanya jambo ambalo mimi, na mdomo wangu wote huu, nisingeliweza. Nimemwambia hivyo, akaona aibu.

Jumapili, 24 Novemba

Tumetoka kanisani, naweka ndizi motoni, simu ikalia. Kuna mtu yumo ndani ya ramani. Nikaifungua.

Mstari mwekundu ulikuwa unajichora, polepole, unayumba, kama mtu anayejifunza kuandika. Ulitoka kwenye kibanja cha Rwegoshora ukaenda kwa Eliud. Chini yake yakatokea maneno, herufi moja moja: "Juni. Majani ya mama yake." Ukaja mwingine, kwa Adventina. Mwingine, kwa mama Winston. Nikamwita Cassian, tukasimama pamoja jikoni tukitazama. Mzee alikuwa anakumbuka misiba yote, maana yeye ndiye aliyetuzikia wafu wetu wote. Vibanja ambavyo hatukuvifikiria, watu ambao hawamo hata kwenye kikundi, aliviongeza mwenyewe na majina yao. Mstari wa kuja kwetu aliuchora pia. Aliandika: "Juni. Kichwani mwa shemeji yangu."

Ndizi zikaungua. Hakuna aliyejali.

Mwisho kabisa akaandika kwenye tawi lake: "Hapa kwangu imeugua mingi. Nilisema ni jua. Anayejua njia ya kuikata aje Jumamosi."

Kufikia jioni ramani yote ilikuwa imeamka. Eliud ataleta jiki. Mama Winston anauliza nani ana ndoo. Watu wa Rugera wanasema watakuja kujifunza hata kwa miguu. Na mtu wa chama cha kuzikana, sitamtaja, ameandika kwamba kuanzia sasa kila nyumba ikate majani yake kwa panga lake, iyatoe mpaka njiani. Hakuandika samahani. Sikuidai.

30 Novemba

Tumekwenda wote. Mvua ilikuwa imeacha, udongo ulikuwa mzito. Tulipofika, mzee Rwegoshora alikuwa ameshawasha moto mwenyewe na amekaa kando yake, panga limelala kwenye makaa. Nikapiga magoti kumsalimia. Akaitikia, akaniambia niinuke upesi, nitachafua kitenge.

Kibanja chake ni kibaya kuliko nilivyodhani. Karibu kila shina lina mgomba mmoja au miwili inayougua. Watu walisimama wakingoja, kama kawaida, mkubwa aseme. Eliud alishika panga, akalirudisha. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuangusha mgomba wa mwenyekiti.

Mzee akalitoa panga motoni, akalishika mbali na mwili likiwa bado linafuka moshi. Akatazama migomba yake, ile ya baba yake na ile aliyoipanda alipooa. Halafu akanigeukia mimi, mbele ya watu wote.

"Nianze na upi, mwanangu?"

Nikamwonyesha. Akaukata.